Mafao ya Uzeeni: Kuyadai kwa Utaratibu, Kuyatunza kwa Daftari



Somo la mwezi huu linawahusu Wakristo wengi wa parishi yetu, ingawa si mahubiri. Mara nyingi Jumapili, baada ya ibada, mwalimu au muuguzi aliyebakiza mwaka mmoja au miwili kazini hunivuta pembeni, chini ya mwarobaini, akaniuliza, "Mwalimu, nitapata shilingi ngapi?" Nami humwuliza maswali mawili kwanza. La kwanza: Karatasi zako zimekamilika? La pili: Mwenzako nyumbani anajua? Wengi hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu swali la pili lilinishinda mimi mwenyewe, na kosa langu nitalieleza hapa chini bila kulificha.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisoma chuo cha ualimu, nikafundisha shule za msingi vijijini na baadaye mjini hapa Dodoma, nikastaafu mwaka 2021 nilipotimiza miaka 60. Sikusomea sheria wala uhasibu. Ninayoandika ni yale ambayo kila mtumishi aweza kuyajua akiuliza mapema.

1. SEHEMU YA TANO

Sote twaijua habari ya Yusufu huko Misri, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41. Ilikuja miaka saba ya shibe, ikafuatwa na miaka saba ya njaa, na nchi ikapona kwa sababu nafaka iliwekwa ghalani wakati ilipokuwa nyingi.

Sisi wa Ugogo hatuhitaji kufafanuliwa njaa. Wazee wetu walitusimulia habari za Mtunya, njaa kuu ya miaka 1917 hadi 1920, vita ilipopita na kuchukua nafaka na ng'ombe, na mvua nayo ikakosekana. Kila mama wa huku ajua kwamba mtama hauliwi wote mwezi wa Juni ati kwa sababu kihenge kimejaa. Mtama wa Juni ndio chakula cha Januari.

Tazama basi jambo hili. Yusufu alishauri iwekwe akiba sehemu ya tano ya mavuno. Mtumishi wa umma wa Tanzania huwekewa kila mwezi asilimia 20 ya mshahara wake: asilimia 5 hukatwa kwake mwenyewe, na asilimia 15 hutolewa na mwajiri. Asilimia 20 ni sehemu moja ya tano. Sisemi kwamba waliotunga sheria walikuwa wakisoma Mwanzo. Nasema tu kwamba kazi ni ile ile: kuweka wakati wa nguvu, ili kula wakati nguvu zimekwisha.

2. FEDHA HIZI ZATOKA WAPI

Yafaa tujue historia kidogo, maana wengine bado hutaja majina ya mifuko ambayo haipo tena.

Kabla ya 1 Julai 1999, mtumishi wa Serikali Kuu hakukatwa kitu kwa ajili ya pensheni, bali Hazina ndiyo iliyolipa. Tangu tarehe hiyo ulianza Mfuko wa PSPF, na makato yakaanza. Watumishi wa halmashauri walikuwa na LAPF, mashirika ya umma yalikuwa na PPF, na wengine walikuwa GEPF. Kwa Sheria Na. 2 ya mwaka 2018, mifuko hiyo minne iliunganishwa kuanzia 1 Agosti 2018, ikawa mfuko mmoja, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, au PSSSF. Makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma, kwa hiyo sisi hatuna sababu ya kuogopa nauli ya kwenda kuuliza.

Wafanyakazi wa sekta binafsi wako NSSF. Huu ulianza mwaka 1964 kama Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ukageuzwa kuwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997. Walimu na wauguzi walioajiriwa na dayosisi, si na Serikali, wajitazame upande huo. Huko nako mchango ni asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pensheni si zawadi, wala si huruma ya mkubwa fulani. Ni jasho lako lililowekwa ghalani. Lakini ghala lina mlango, na mlango una masharti. Ili upate pensheni ya kila mwezi, sharti uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60.

3. MILANGO MITATU

Kosa la kwanza la wastaafu wengi ni kubisha mlango usio wake. Mwalimu anayestaafu ana milango mitatu.

Mlango wa Mfuko. Hapa utapata mkupuo, yaani fedha za mara moja, na pensheni ya kila mwezi.

Mlango wa Mwajiri. Hapa utapata haki zinazotokana na ajira, kama vile nauli na gharama za kusafirisha mizigo kwenda nyumbani kwenu, na malimbikizo ya mshahara kama yapo. Mfuko haulipi mizigo. Nimewaona wazee wakikaa barazani pa Mfuko wakidai mizigo, na wengine wakikaa halmashauri wakidai pensheni. Wote wawili wamechoka bure. Kwa sisi walimu, kibali cha kustaafu hushughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, yenye ofisi wilayani. Anzia hapo.

Mlango wa Chama. Chama cha Walimu Tanzania kiliandikishwa mwaka 1993, na wanachama wamekuwa wakikatwa asilimia 2 ya mshahara. Chama hakilipi pensheni. Hata hivyo katika wilaya nyingi kimekuwa na desturi ya kuwakabidhi walimu wanaostaafu mabati ya kuezekea. Tena chama kina mwakilishi shuleni na ofisi wilayani, na faida yake kubwa si mabati. Faida yake ni kukusemea jalada lako linapokwama. Mwulize mwakilishi wako kabla hujastaafu: nina haki gani katika chama, na jina langu limo katika orodha ya mwaka wangu? Ukishaondoka kazini, makato ya chama hukoma, na ni rahisi kusahauliwa.

4. KARATASI

Mtumishi hupaswa kutoa taarifa ya kustaafu miezi sita kabla. Mimi nasema: karatasi zianze kukusanywa miaka miwili kabla. Tafuta bahasha moja ngumu, au mkoba wa plastiki ambao mchwa hawatautoboa, na uweke humo:

(a) barua ya kwanza ya ajira;
(b) barua ya kuthibitishwa kazini;
(c) barua za kupandishwa madaraja, hasa ya mwisho;
(d) kibali au barua ya kustaafu;
(e) hati ya mshahara ya karibuni;
(f) nakala ya kitambulisho cha Taifa;
(g) namba ya akaunti yako ya benki, pamoja na picha ndogo.

Toa nakala mbili za kila karatasi. Nakala moja mpe mtu unayemwamini katika nyumba nyingine, maana tembe huvuja na nyumba huungua. Karatasi halisi usimpe mtu yeyote pasipo kuandikiana naye.

Mambo matatu hukwamisha majalada kuliko mengine.

La kwanza ni jina. Mwalimu mwenzangu mmoja alibatizwa kwa jina moja, akasoma kwa jina la Kigogo alilopewa na bibi yake, akaajiriwa kwa majina yote mawili, la kwanza likiwa la mwisho. Kitambulisho chake cha Taifa kikaja na herufi moja pungufu. Kwa macho ya wanafunzi wake alikuwa mtu mmoja, lakini kwa macho ya jalada walikuwa watu watatu. Alikaa miezi saba bila mshahara na bila pensheni, akiuza kuku na mbuzi, hata wakili alipomwandalia hati ya kisheria ya majina yake. Jambo hili angeweza kulimaliza akiwa bado anapokea mshahara. Basi leo jioni panga barua zako mezani, usome majina herufi kwa herufi.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu wazazi walikumbuka mwaka kwa njaa au kwa mvua, hawakukumbuka siku, nasi tukaandika 1 Julai. Si vibaya. Lakini tarehe uliyoandika siku ya kuajiriwa ndiyo itakayokuhesabia. Usijaribu kuigeuza mwishoni ili uongeze miaka kazini. Ni udanganyifu, na utaharibu hata kile ulichostahili.

La tatu ni miezi iliyopotea. Mtu alihamishwa wilaya, mchango wa miezi kadhaa haukuonekana. Omba taarifa ya michango yako kila mwaka na uilinganishe na hati za mshahara. Ukiona pengo, mwandikie mwajiri wakati huo huo. Pengo la mwaka jana hutafutwa kwa siku chache, lakini pengo la miaka 20 iliyopita hutafutwa hata aliyeliandika awe amezikwa.

Karatasi zikiwa kamili, sheria imeweka siku 60 za kulipwa mafao. Madai hayana ada. Siku hizi Mfuko umeleta pia njia ya simu na mtandao. Mtu akikupigia simu, akataja jina lako na cheo chako, akasema tuma fedha kidogo ili jalada lako lisogezwe, huyo ni mwizi. Kata simu, uende ofisini mwenyewe.

5. HESABU UBAONI

Sasa tuchukue chaki. Neno kikokotoo limewatia watu hofu, na wengine hasira, lakini ni hesabu ya darasa la saba.

Kwanza historia yake. Zamani wanachama wa PSPF na LAPF walilipwa mkupuo wa asilimia 50, na wa mifuko mingine asilimia 25. Kanuni za mwaka 2018 zilipotaka wote walipwe asilimia 25, vyama vya wafanyakazi vilipinga, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliagiza utaratibu wa zamani uendelee. Kuanzia 1 Julai 2022 ikaja kanuni moja kwa wote, mkupuo wa asilimia 33. Malalamiko hayakwisha. Kuanzia 1 Julai 2024 wale waliokuwa katika kundi la asilimia 50 walipandishwa kutoka 33 hadi 40, na wale wa kundi la asilimia 25 wakapandishwa kutoka 33 hadi 35.

Sasa mfano. Chukua mwalimu wa kundi la asilimia 40. Ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Wastani wa mishahara yake ya miaka mitatu iliyo bora, katika miaka kumi ya mwisho, ni Sh. 1,160,000/- kwa mwezi, yaani Sh. 13,920,000/- kwa mwaka.

Hatua ya kwanza: gawanya mshahara wa mwaka kwa 580. Jibu ni Sh. 24,000/-.

Hatua ya pili: zidisha kwa miezi ya utumishi. 24,000 mara 360 ni Sh. 8,640,000/-. Hii ndiyo pensheni nzima ya mwaka, kabla haijagawanywa.

Hatua ya tatu: chukua asilimia 40 yake, Sh. 3,456,000/-, uzidishe kwa 12.5. Jibu ni Sh. 43,200,000/-. Huo ndio mkupuo.

Hatua ya nne: asilimia 60 iliyobaki ni Sh. 5,184,000/-. Gawanya kwa miezi 12. Jibu ni Sh. 432,000/-. Hiyo ndiyo pensheni ya kila mwezi, maisha yake yote.

Watu wengi huishia hapo, wakatazama ile milioni 43 na macho yakang'aa. Naomba ufanye hatua ya tano, ambayo haimo katika kanuni. Gawanya mkupuo kwa pensheni ya mwezi: 43,200,000 kwa 432,000. Jibu ni 100 kamili. Nawe uliye katika kundi la asilimia 40 ukifanya hesabu yako, mshahara wowote uwe nao, utapata 100.

Maana yake nini? Mkupuo ni pensheni ya miezi mia moja. Ni zaidi ya miaka minane ya kula, iliyokabidhiwa siku moja. Anayeutumia wote kwa miezi sita amekula chakula cha miaka minane kwa miezi sita. Kama mtu angeingia kihengeni mwako akatoa nafaka ya miaka minane kwa siku moja, ungepiga yowe la kuita kijiji kizima. Lakini sisi wenyewe huzitoa fedha zetu hivyo, na majirani huja kutupongeza.

6. KOSA LANGU

Nilipostaafu mwaka 2021, mkupuo wangu ulihesabiwa kwa kanuni ya zamani ya asilimia 50. Nilizipata fedha nyingi kuliko nilizowahi kuziona. Siku ile nilipotoka benki nilimwambia mke wangu kiasi fulani, lakini sikumwambia chote. Nilijidanganya kwamba nataka kumshangaza kwa faida.

Rafiki mmoja alinishauri ninunue mahindi Kibaigwa wakati wa mavuno, niyaweke, niyauze Januari bei ikipanda. Shauri lenyewe si baya, wapo wanaofanikiwa. Nilinunua gunia 80, zaidi ya shilingi milioni tatu pamoja na usafiri, nikapanga chumba cha kuyawekea mtaa wa pili, mke wangu asijue. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si mfanyabiashara wa nafaka. Sikuyakausha vya kutosha, sikuyatia dawa ya kutosha, wala sikuwa naenda kuyatazama kila wiki, kwa kuogopa kuulizwa naenda wapi.

Januari nilipofungua chumba, nilikuta unga umemwagika sakafuni kama mtu amesaga. Dumuzi walikuwa wamefanya kazi yao. Yaliyofaa kuuzwa hayakutimia gunia 30. Nilirudi nyumbani na vumbi la unga juu ya viatu. Mke wangu aliviangalia viatu, akaniangalia mimi, akauliza, "Baba, umetoka wapi?" Nikakaa kitini nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Alisema neno moja lililoniuma kuliko ugomvi: kwamba yeye amelima mahindi na mtama tangu utoto wake, na kama angejua, asingeruhusu gunia hata moja kuingia kabla hajang'ata punje kuona kama imekauka. Mtaalamu nilikuwa naye ndani ya nyumba, nikamficha.

Kwa hiyo naandika neno hili kwa waume hasa, na kwa wake walio watumishi vile vile. Fedha iliyofichwa mwenzako haina mlinzi. Tulifunga ndoa mbele ya madhabahu, tukaahidi kushirikiana mali. Ahadi ile haikusema "isipokuwa mkupuo".

7. KUYATUNZA

Tangu siku ile tuna daftari. Ni daftari la kawaida la kurasa 96, na mwandishi ni mke wangu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mambo tuliyojifunza ni haya.

Kwanza, usifanye lolote kubwa kwa miezi mitatu. Fedha ikae benki. Katika miezi hiyo watakuja ndugu wenye shida za kweli, na watakuja wenye mipango ya kuzalisha fedha maradufu kwa mwezi. Jibu liwe moja kwa wote: "Tutazungumza nyumbani, kisha nitakujibu." Anayeahidi kuzidisha fedha yako mara mbili kwa mwezi, mwulize kwa nini hajazidisha ya kwake.

Pili, mtolee Mungu shukrani kwa utaratibu, si kwa kishindo. Fungu la kumi la mkupuo ni jambo la moyo wako. Lakini mstaafu anayejinadi kanisani mwezi wa kwanza, kisha akaja kuomba nauli mwezi wa kumi, amejiumiza na kuliumiza kanisa.

Tatu, lipa madeni yote. Yatazame hasa yale ya wakopeshaji wa mitaani wanaochukua kadi ya benki na namba yake ya siri. Rudisha kadi yako mkononi mwako. Pensheni inayoingia katika akaunti ambayo kadi yake anayo mtu mwingine si pensheni yako.

Nne, malizia nyumba ya kukaa, usianze jumba. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma mwaka 2016, wastaafu wengi hapa wametamani kujenga nyumba za kupangisha. Ni jambo jema kwa aliyepiga hesabu. Bwana wetu alitoa mfano wa mtu aliyeanza mnara asiweze kuumaliza, katika Luka sura ya 14. Minara ya namna hiyo tunayo, imeota nyasi juu ya kuta, na mwenyewe anakaa chumba cha kupanga pembeni.

Tano, weka akiba ya miezi sita isiyoguswa, kwa ugonjwa na misiba. Uliza pia mapema utaratibu wa kadi ya bima ya afya ya mstaafu na mwenza wake, usingoje mpaka siku ya kuugua.

Sita, kiasi kinachobaki kiweke mahali pasipohitaji mbio zako. Ziko hati fungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo mtu aweza kuanza na shilingi milioni moja kupitia benki yake. Iko pia mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ambayo wa kwanza wake, Mfuko wa Umoja, ulianzishwa mwaka 2005. Faida yake si ya kutajirika, lakini dumuzi hawaingii. Nenda uulize, uliza tena, na uende na mwenzako.

Saba, pensheni ya mwezi ipangwe kama mshahara. Chakula, maji, dawa, mbegu, sadaka, karo ya mjukuu kama ipo: kila kitu na kiasi chake. Mwisho wa mwezi someni daftari pamoja.

8. MSTAAFU AKIITWA NA BWANA

Jambo hili huepukwa katika mazungumzo, na wanaoumia ni wajane na yatima. Mstaafu wa PSSSF akifariki, wategemezi wake hulipwa kiasi cha pensheni ya miezi 36. Lakini watalipwa kwa karatasi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Waliofunga ndoa kanisani na kupoteza cheti, njoni ofisi ya parishi wakati nyote mko hai, jina litafutwe katika kitabu cha ndoa. Mwonyeshe mwenzako mkoba wa karatasi ulipo. Mwandikie namba yako ya pensheni katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Usisahau pia uhakiki. Mstaafu hutakiwa kuthibitisha kwamba yu hai, la sivyo malipo husimamishwa. Siku hizi waweza kujihakiki kwa simu kwa programu iitwayo PSSSF Kiganjani, inayotambua sura yako. Asiye na simu ya namna hiyo aende ofisini. Vijana wa kwaya, mnaojua simu kuliko sisi, hii ni huduma yenu: Jumapili msaidieni mzee mmoja. Lakini, mzee, namba yako ya siri usimtajie hata mwanakwaya.

Nao ndugu wakulima na wafanyabiashara wadogo, ambao hamna mwajiri, msiseme somo hili si lenu. NSSF hupokea pia watu waliojiajiri wenyewe. Ulizeni ofisi yao kiasi na utaratibu, muanze mapema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA VIKUNDI

1. Je, majina yako yanafanana katika barua ya ajira, kitambulisho cha Taifa na akaunti ya benki? Yasome kwa sauti, mwenzako akiyatazama.

2. Piga hesabu ya mkupuo na pensheni yako kwa hatua tano za hapo juu. Aliye katika kundi la asilimia 35 atumie 35 na 65 badala ya 40 na 60.

3. Mwenzako anajua mkoba wa karatasi ulipo? Anajua kiasi kilichomo benki? Kama hajui, ni nini kinachokuzuia?

4. Katika Mwanzo sura ya 41, nafaka iliwekwa wakati gani, na ilifunguliwa wakati gani? Wewe uko katika miaka ipi sasa?

Nimemwomba Mchungaji, naye amekubali, kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, nitakaa katika ofisi ya parishi pamoja na wastaafu wengine wawili. Atakayependa aje na mkoba wake tuusome pamoja. Hatutaki malipo. Tunaomba jambo moja tu: walio na ndoa waje wawili.

Mungu Baba yetu, aliyetulinda siku za nguvu zetu, atulinde na siku za mvi zetu. Amina.

Mwalimu Mstaafu